Mchapishaji Mwanamke na Safari ya Kitabu cha Kiswahili hadi Bonde la Kilombero

Historia ya Kiswahili sanifu imezoeleka kuandikwa kwa kutaja kamati, kamusi na waandishi. Mchapishaji hutajwa kwa nadra, ilhali ndiye anayeamua mswada upi utakuwa kitabu, na kwa lugha gani. Mhadhara huu unamtazama mchapishaji kupitia kazi ya wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, waanzilishi wa kampuni ya E & D ya Dar es Salaam, na unaipima kazi hiyo kwa kumzingatia msomaji aliye mbali na jiji, katika Bonde la Kilombero.

Bonde hilo ni kipimo kinachofaa. Ifakara na vijiji vyake huwakutanisha Wambunga, Wandamba, Wapogoro na Wabena, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, katika nyumba za ibada na katika shule ya msingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ililisogeza bonde karibu na pwani. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alitumia stakabadhi za vifurushi vya stesheni kuonyesha jinsi wakulima na wachuuzi walivyosafirisha mazao yao. Kwa hiyo, namna mchele unavyotoka bondeni inafahamika. Namna kitabu kinavyoingia haijachunguzwa kwa kiasi hicho.

Kwa muda mrefu kitabu kiliingia kwa mkono wa dola. Tanzania Publishing House iliundwa mwaka 1966, na usambazaji wa vitabu vya shule ukawa kazi ya shirika la Elimu Supplies. Mfumo huo ulipodhoofika, serikali ilianza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuwaachia wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya kiada. Ni katika mazingira ya mpito huo ambapo kampuni ya Lema na Kitunga ilijijenga. Jina lake ni herufi za kwanza za majina yao. Lema, aliyezaliwa Nronga, Machame, mwaka 1949, ni mwandishi. Kitunga, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni, ni mhariri na mwanaharakati wa Mtandao wa Jinsia Tanzania.

Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kati ya nakala 5,000 zilizochapishwa, mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Kwa njia hiyo, hadithi ya Kiswahili iliweza kumfikia mtoto wa kijijini bila mchapishaji kufilisika. Hata hivyo, mtoto huyo akiingia sekondari, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, na soko la kitabu cha Kiswahili husinyaa ghafla. Lema mwenyewe aliwaandikia watoto kwa Kiswahili, lakini riwaya yake ya watu wazima, *Parched Earth*, iliyotolewa na E & D mwaka 2001, aliiandika kwa Kiingereza.

Ndiyo maana uamuzi wa mwaka uliofuata una uzito. Mwaka 2002 E & D ilichapisha *Makuadi wa Soko Huria*, riwaya ya mwanasosholojia Chachage Seithy L. Chachage kuhusu delta ya Rufiji na mradi wa ufugaji wa kamba. Jina lake pekee linatosha kumshughulisha mwanaisimu. "Soko huria" ni istilahi ya wachumi, na "kuwadi" ni neno la mtaani lenye aibu. Yakiwekwa pamoja, nadharia inakuwa shutuma ambayo mkulima yeyote anaielewa. Aidha, Mto Kilombero unapokutana na Luwegu ndipo Rufiji inapoanza. Maji yanayopita Ifakara ndiyo yanayofika katika delta hiyo, na hoja ya kitabu, ya nani mwenye haki juu ya ardhi na maji, inamhusu msomaji wa bondeni moja kwa moja.

Je, kilimfikia? Riwaya ya watu wazima haikuwa na mradi wa kununua nakala 3,000. Katika miaka ya 2010 hata vitabu vya kiada vilirejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji binafsi wakapoteza pato lililokuwa likibeba vitabu visivyo vya shule. Kitunga alielekeza nguvu kwa msomaji mwenyewe: ni miongoni mwa waanzilishi wa asasi ya SOMA na mkahawa wake wa vitabu, Mikocheni. Lakini Mikocheni ni Dar es Salaam.

Kwa kuhitimisha, Lema na Kitunga walithibitisha kwamba fikra nzito zinaweza kuchapishwa kwa Kiswahili na kampuni inayoongozwa na wanawake. Kuzifikisha fikra hizo Ifakara ni kazi ya sera: ya lugha ya kufundishia, ya maktaba, na ya ununuzi wa vitabu. Sehemu hiyo ya kazi hawakupaswa kuachiwa peke yao.