Kwenda kuhudumu nje ya nchi kwa miezi mingi: afya ya kikundi kabla ya kuondoka

Kama unasoma ukurasa huu, huenda kanisa lako hapo Mwadui au Maganzo limeshakuchagua kwenda kuhudumu Kongo, Sudan Kusini au Ethiopia kwa miezi sita au mwaka mzima. Michango imekusanywa, pasipoti zimetoka, kwaya inafanya mazoezi. Afya ndiyo huachwa hadi wiki ya mwisho. Anzeni miezi mitatu kabla.

Chanjo

Kongo na Sudan Kusini hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika mpakani. Ukichomwa siku ya kuondoka, cheti chako bado hakijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa ni cha miaka 10. Usinunue cheti bila kuchomwa sindano. Kitakuvusha mpaka, lakini hakitazuia ugonjwa.

Si kila zahanati ina chanjo hii. Ulizeni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, Kishapu, ni kituo gani cha karibu kinachoruhusiwa kuitoa. Kwa kuwa ina kirusi hai kilichodhoofishwa, mwambie mhudumu kabla ya sindano kama una mimba, unanyonyesha, umefikisha miaka 60, una mzio mkali wa mayai, au unaishi na VVU. Mwenye VVU anayeendelea vizuri na dawa kwa kawaida anaweza kuchomwa. Mwenye CD4 chini ya 200 hachomwi. Huandikiwa maelezo ya daktari. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Sudan Kusini na Ethiopia zimo katika ukanda wa ugonjwa huo.

Ugonjwa unaofichwa

Hili ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko mbu. Mtu ana VVU, kifafa, kisukari au presha. Anaogopa akisema ataachwa, basi ananyamaza na kubeba dawa za mwezi mmoja chini ya nguo. Mwezi wa pili dawa zimekwisha, yuko kijijini, hajui pa kuanzia. Wenzake wanamwona amelegea na kumwombea malaria.

Chagueni mtu mmoja wa kutunza siri za afya, ikiwezekana muuguzi au tabibu. Wengi hupenda awe mchungaji. Sisi tunashauri asiwe yeye, maana mchungaji ndiye anayeamua nani aende, na woga wa watu unaanzia hapo hapo. Kila mmoja akutane na mtunzaji huyo peke yake. Kikundi kizima hakina haja ya kujua una nini. Kinachotakiwa ni mtu mmoja ajue unameza nini, saa ngapi, na zitakwisha lini.

Kama unatumia dawa za VVU, nenda CTC mapema, sema unasafiri na utakaa muda gani. Anayeendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, pamoja na barua ya kuendelea na tiba huko uendako. Dawa zibaki kwenye makopo yake na zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu mizigo ya kwenye buti hupotea. Nchi chache bado huweka masharti kwa wenye VVU wanaotaka kukaa muda mrefu; mtunzaji aulize ubalozi bila kutaja jina la mtu.

Mwenye selimundu afikirie mara mbili kuhusu Addis Ababa, iliyo juu ya mita 2,300. Hewa nyembamba na baridi vinaweza kuamsha maumivu. Azungumze na daktari wake kabla ya kukubali.

Na maombi? Ombeeni wagonjwa, lakini asiwepo wa kumwambia mwenzake aache vidonge ili kuonyesha imani. Kiongozi alitamke hili mbele ya wote kabla ya kuondoka.

Kifua

Kama uliwahi kuchimba au kusaga mawe ya dhahabu Geita au Kahama, hata miaka mingi iliyopita, pima makohozi na piga picha ya kifua. Vumbi la mawe hubaki mapafuni na huongeza hatari ya kifua kikuu. Mtalala chumba kimoja kwa miezi; kikohozi cha wiki mbili si cha kuvumilia.

Malaria

Bebeni vyandarua vyenye dawa na vipimo vya haraka. Mwenyeji wa Shinyanga ana kinga kiasi, si kamili, na hupungua akikaa miezi mingi mahali pasipo na malaria, kama Addis Ababa. Watoto na wajawazito hawana cha kujivunia.

Mkirudi

Tanzania itadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Mkitoka eneo lenye mlipuko wa Ebola, jiangalieni siku 21. Homa yoyote baada ya safari, hata wiki kadhaa baadaye, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu ulikotoka kabla hajakuuliza.