Ukiibadilisha programu ya maktaba, ibadilishe kwenye chanzo

Mwaka juzi, baada ya sala ya Alasiri, bibi mmoja wa Kibokoni aliniita barazani kwake akaniuliza, "Mwanangu, zile barua za marehemu babu nilizowapa mkazipiga picha, mmeandika ni za nani?" Nikamjibu, "Tumeandika bibi, usiwe na wasiwasi." Nilipofika nyumbani nikafungua tarakilishi nitazame. Hatukuwa tumeandika. Barua zake zote kumi na nne zilikuwa mtandaoni, picha safi kabisa, lakini jina la mwenye mali na masharti aliyotuwekea hayakuwapo.

Vijana walioziingiza hawakuwa na kosa. Fomu waliyofunguliwa haikuwauliza. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeisimamia programu, na kwa kuwa najua vikundi vingine hapa pwani vinavyokusanya hati, picha za harusi na kanda za zamani, nimeona niandike jinsi kazi hii inavyofanywa.

Programu yenyewe ni DSpace. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na maabara za kampuni ya Hewlett-Packard. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na vyuo vikuu kadhaa vya Kenya huhifadhi humo tasnifu za wanafunzi wao. Imeandikwa kwa lugha ya Java. Yaani unachopakua si kitu cha kubofya kikafunguka. Ni unga, mkate bado. Lazima uukande na kuuoka mwenyewe, na uzuri wa kuoka mwenyewe ni kwamba unaweza kutia iliki upendavyo.

Kuna folda tatu ambazo mtu mgeni huzichanganya, na mimi nilizichanganya. Ya kwanza ni chanzo, pale ulipopakua msimbo. Ya pili ni folda iliyosakinishwa, tuseme /dspace, ambamo programu iliyokwisha kujengwa hukaa pamoja na mipangilio yake. Ya tatu ni ya Tomcat, seva inayoiendesha programu hiyo na kuipeleka kwenye vivinjari vya watu. Msimbo husafiri kutoka ya kwanza kwenda ya pili hadi ya tatu, wala haurudi nyuma.

Wanaousafirisha ni wawili. Maven husoma faili iitwayo pom.xml, hutafuta mtandaoni maktaba zote za Java ambazo programu inazihitaji, hukusanya msimbo, kisha hufungasha kila kitu. Ant hupokea furushi hilo na kulipanga mahali pake ndani ya /dspace. Wengi huuliza kwa nini vifaa viwili badala ya kimoja. Ni historia tu: Ant ni mkongwe zaidi, alizaliwa katika kazi ya kuitengeneza Tomcat yenyewe, na DSpace imeendelea kumtumia kwa usakinishaji.

Sasa kosa. Fomu ya DSpace ya kuingiza hati huuliza mwandishi, kichwa, tarehe na mengine ya kimaktaba. Haikuwa na mahali pa kuandika familia iliyotuazima hati, wala kama imekubali picha ionwe na watu wote. Nikafungua faili ya submission-forms.xml ndani ya /dspace/config, nikaongeza sehemu hizo mbili, nikawasha Tomcat upya. Ikafanya kazi. Nikafurahi, nikalala.

Miezi ikapita, likatoka toleo lenye marekebisho ya usalama. Nikafuata maelekezo: Maven akamaliza kwa kuandika BUILD SUCCESS, Ant naye akaandika BUILD SUCCESSFUL. Lakini amri ya ant update inapokuta faili ya mipangilio, kawaida yake ni kuichukua ile iliyoko kwenye chanzo na kuiweka, na ile uliyoibadilisha huipa jina jipya lenye tarehe na herufi .old mwishoni. Haikufuta kazi yangu. Iliiweka kando kimya kimya, nami sikutazama. Kwa muda wa wiki tatu fomu ilirudi kuwa ile ya kiwandani, na katika wiki hizo ndimo zilimoingia barua za bibi na za familia nyingine.

Kwa hiyo kila badiliko liwekwe kwenye chanzo, kisha ujenge upya. Anwani ya tovuti, jina la hifadhidata na nywila yake huandikwa katika faili ya local.cfg, ndani ya dspace/config ya chanzo. Mfano wake umo humo, unaitwa local.cfg.EXAMPLE, unaunakili na kuujaza. Fomu nazo zimo katika folda hiyohiyo ya config. Barua pepe ambazo programu huwatumia watu zimo config/emails, na hizo tulizitafsiri kwa Kiswahili siku moja, kazi nyepesi. Ukiandika msimbo wako wa Java, mahali pake ni dspace/modules/additions. Ukitaka kubadilisha kitu ndani ya programu ya wavuti yenyewe, ni dspace/modules/server.

Hizo folda za modules hufanya kazi kama kanzu juu ya shuka. Maven huanza na programu ya asili, halafu huifunika kwa faili zako. Faili yako ikiwa na jina na njia sawa na ya asili, inayoonekana ni yako, na ya asili inabaki chini haikuguswa. Toleo jipya likija unabadilisha shuka, kanzu ni ileile. Hata hivyo kanzu itazamwe kila mara. Ikiwa wenye programu wamebadilisha sana faili uliyoifunika, lako la zamani litakwaruzana na jipya lao.

Jambo moja la kuzingatia kwa waliozoea matoleo ya kale: tangu toleo la 7 la mwaka 2021, kurasa anazoziona msomaji hazitoki tena kwenye Java. Zimetengwa, hujengwa kwa Angular, zina folda yake na vifaa vyake. Rangi na nembo huwekwa huko, wala usihangaike kuzitafuta katika msimbo wa Java.

Kabla ya kuanza, hakikisha matoleo yanaelewana. DSpace 7 inataka Java 11 au 17, PostgreSQL, Solr 8, na Tomcat 9. Hapo kwenye Tomcat ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu baadhi ya mifumo mipya ya Linux hukuletea Tomcat 10 bila kukuuliza. Kuanzia Tomcat 10, majina ya ndani ya Java yalibadilika kutoka javax kuwa jakarta, na DSpace 7 haiyajui majina hayo mapya, haitawaka. DSpace 8 ya mwaka 2024 ndiyo iliyohamia huko, nayo inataka Java 17 na Tomcat 10.1. Na wenzangu mlio na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hifadhidata iundwe kwa usimbaji wa UTF-8 tangu siku ya kwanza. Kuja kuibadilisha baadaye ni kazi ya kulia.

Kujenga kwenyewe ni kufupi. Ingia kwenye chanzo, andika:

mvn clean package

Mara ya kwanza Maven atapakua faili nyingi mno, basi usitumie bando la simu, tafuta mahali penye waifai na umeme wa kuaminika. Faili hizo huwekwa katika folda iitwayo .m2, na ukijenga tena bila kubadilisha toleo unaweza kuongeza -o, akafanya kazi bila mtandao kabisa. Akimaliza, furushi liko dspace/target/dspace-installer. Zima Tomcat, ingia humo, kisha andika ant fresh_install kama ni mara ya kwanza, au ant update kama programu ipo tayari. Tafadhali usizibadilishe hizo mbili. Baada yake endesha /dspace/bin/dspace database migrate ili majedwali ya hifadhidata yalingane na toleo, nakili folda ya /dspace/webapps/server kwenye webapps ya Tomcat, washa Tomcat, na usome faili za kumbukumbu za Tomcat na zile za /dspace/log. Ikilalamika kuwa haina ruhusa ya kuandika, mara nyingi ni kwamba /dspace inamilikiwa na mtumiaji mmoja na Tomcat inaendeshwa na mwingine.

Nimeongeza mazoea mawili ambayo hayamo katika maelekezo ya kawaida. Kabla ya ant update hulinganisha mipangilio ya chanzo na ile iliyosakinishwa:

diff -r dspace/config /dspace/config

Nikiona tofauti nisiyoitambua, kuna mtu, pengine mimi mwenyewe usiku wa manane, amebadilisha kitu mahali pasipofaa, na nakirudisha kwenye chanzo kwanza. Na baada ya kuwasha naingia kwa akaunti ya kijana wa kawaida, si ya msimamizi, nafungua fomu na kutafuta kwa macho sehemu ya mmiliki. BUILD SUCCESSFUL haijui chochote kuhusu barua za bibi.

Chanzo chote sasa kinatunzwa kwa Git, kwenye tawi letu wenyewe, isipokuwa local.cfg kwa ajili ya nywila iliyomo. Sehemu ya mmiliki tumeisajili katika programu kama local.mmiliki, kwa kuwa DSpace imetenga kundi la local kwa ajili ya mambo ya wenyeji, na kwenye fomu tumeifanya ya lazima. Bila kuijaza huwezi kukabidhi hati. Desemba iliyopita dada mmoja wa kikundi chetu alijenga na kusakinisha toleo jipya peke yake, nami nikiwa Lamu kwa mazishi. Hakunipigia simu hata mara moja.

Kwa bibi nilirudi na karatasi. Tulikaa barazani barua kwa barua, akaniambia ipi ionwe na watu na ipi isionwe. Mbili alikataa, ni za mambo ya ndoa, tukazifunga siku ileile. Familia nyingine za zile wiki tatu tumezipata zote isipokuwa mbili zilizohama mtaa. Hati zao nimezifunga mpaka tuwapate.