Sheikh Abdalla Bakathir na Chuo cha Ukutani

Visiwa vya Unguja na Pemba vimepata sifa mbili katika mambo ya elimu, na sifa hizo zimesafiri mbali kwa pamoja, hata mgeni akashindwa mara nyingi kuzitenganisha. Ya kwanza ni sifa ya wanavyuoni, waliofuatwa na wanafunzi kutoka Ngazija, Lamu, Mombasa na bara. Ya pili ni sifa ya uganga na uchawi. Katika masimulizi ya wenyeji kuna mahali paitwapo Giningi, ambapo wachawi husemekana kukutana usiku. Na atakaye kuingizwa katika ujuzi wao husemekana kudaiwa ada nzito, nayo ni roho ya jamaa yake wa karibu. Giningi haina mtaa wala njia iendayo huko, lakini jina lake lajulikana na wakubwa kwa wadogo.

Uvumi huo haukubaki visiwani. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita Zanzibar katika safari aliyoieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1931, naye akaandika habari za Pemba kama kwamba ni chuo kikuu cha sihiri, kinachofuatwa na wanafunzi kutoka nchi za maziwa makuu, na hata, kwa alivyosikia, kutoka Haiti. Tangu hapo maneno hayo yamekaririwa na waandishi wengine wengi. Msomaji wa mbali akiulizwa nani aliasisi elimu katika visiwa hivi, huenda akawaza mchawi mkuu asiye na jina wala tarehe.

Hiyo ndiyo hasara ya hadithi za namna hii. Chuo cha uchawi hakina mwasisi anayejulikana, hakina kitabu, wala hakina mwanafunzi aliyejitokeza kusema, “Nilisoma huko kwa fulani.” Na hali katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Ukutani, palikuwa na chuo chenye mwasisi mwenye jina, vitabu vyenye majina, na wanafunzi waliokuwa makadhi, walimu na waandishi. Mwasisi huyo ni Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir.

Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1860, katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut. Elimu yake ya kwanza aliipata Lamu kwa masharifu waliokuwa wakidarisisha huko. Kisha akasafiri kwenda Makka, akakaa mbele ya wanavyuoni wa msikiti mtukufu, na safari zake zikamfikisha hata Java, ambako Wahadhrami wengi walikuwa wamehamia. Alipokuja kukaa Unguja alikuta mji uliokwisha kuwa makao ya elimu. Masultani wa ukoo wa Busaidi walikuwa Waibadhi, lakini raia zao wengi walikuwa Mashafii, na kwa hiyo makadhi wa madhehebu zote mbili walikaa kuhukumu. Miongoni mwa wakubwa wa zamani hizo alikuwa Sheikh Abdul Aziz Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyefariki mwaka 1896 baada ya miaka mingi ya ukadhi. Na Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alileta mtambo wa kupigia chapa vitabu vya Kiarabu, ili kitabu kisiwe tena mali ya yule tu awezaye kumlipa mnakili.

Aliyemvuta Sheikh Abdalla zaidi kuliko wote ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit. Huyu alizaliwa Ngazija mwaka 1861, mtoto wa mfanya biashara aliyekuwa pia nahodha, na habari za nyota na pepo za bahari hazikuwa ngeni kwake. Alishika ukadhi Unguja, akauacha, akasafiri mpaka Istanbul, Misri, Makka na Java, kisha akarudi mwaka 1888 akashika tena kazi ya ukadhi. Kwa umri walikuwa marika. Kwa elimu Sheikh Abdalla alikubali kuwa mwanafunzi. Usuhuba wao ulidumu mpaka kufa kwao, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Katika mwaka 1314 wa Hijra, yaani yapata mwaka 1897, Sheikh Abdalla alisafiri kwenda Hadhramaut. Hakwenda kutafuta mali, wala hakwenda kutembea tu. Alikwenda kuwazuru masharifu wa Tarim na Seiyun, kusoma mbele yao japo kurasa chache za kila kitabu, na kupokea kwao ijaza, yaani idhini ya kuyafundisha aliyoyasoma. Safari hiyo aliiandika kwa Kiarabu katika kitabu kiitwacho Rihlat al-Ashwaq al-Qawiyya, kilichopigwa chapa baada ya kufa kwake.

Katika miji hiyo aliliona jambo lililokuwa jipya hata huko Hadhramaut kwenyewe. Zamani mwanafunzi alimfuata sheikh nyumbani kwake au msikitini, naye sheikh alimsomesha kwa kadiri ya nafasi na mapenzi yake. Lakini katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa palijengwa ribati: Seiyun kwa juhudi za Sayyid Ali bin Muhammad Al-Habshi, na Tarim katika miaka ya 1880. Ribati ni nyumba ya wakfu iliyotengwa kwa ajili ya masomo. Mwanafunzi wa mbali hupata pa kulala, na masomo hufuata utaratibu unaobaki hata mwalimu mmoja akiondoka.

Utaratibu huo ndio Sheikh Abdalla aliouleta Ukutani katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Darsa za misikitini ziliendelea, na Msikiti Gofu ulikuwa mashuhuri kwa darsa hizo. Ila sasa palikuwa na nyumba ambayo kazi yake ilikuwa kusomesha. Mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu Kurani katika chuo cha mtaani aliweza kuanza na vitabu vidogo vya fiqhi kama Safinat al-Naja, na vya nahau kama Ajurrumiyya. Kutoka hapo akapanda ngazi mpaka Alfiyya ya Ibn Malik, Minhaj ya Imamu Nawawi na tafsiri ya Jalalayn. Hivi ndivyo vitabu vilivyosomwa na Mashafii kuanzia Hadhramaut mpaka Java. Kijana wa Unguja aliyevijua aliweza kushuka jahazini katika bandari yoyote ya Bahari ya Hindi akakuta watu wa kuzungumza naye elimu. Sheikh mwenyewe ni ushahidi wa jambo hilo: kabla ya vita vikuu vya kwanza alialikwa mpaka Cape Town, akawafundisha Waislamu wa huko na kuwasaidia katika mambo ya dini waliyokhitilafiana.

Sasa yafaa kuuliza: mtu kama huyu alionekanaje na watu wa zama zake? Wanafunzi walimwona kuwa mudarisi. Lakini umma wa pwani ulimtazama kila mwanachuoni mkubwa kwa jicho jingine pia. Aliyezijua herufi za Kiarabu alidhaniwa kuzijua nguvu zake. Aliombwa hirizi kwa mtoto alalaye akishtuka, na kombe la kunywewa na mgonjwa, aya zikiandikwa kwa zafarani sahanini na kuoshwa kwa maji ya mawaridi. Aliyejua falaki, elimu ya kuhesabia nyakati za sala na miandamo ya mwezi, aliulizwa pia siku njema ya kusafiri na nyota ya bibi arusi. Baina ya mwanachuoni na mganga wa kitabu mpaka ulikuwa mwembamba, na mara nyingine ulipita katikati ya mtu mmoja. Masheikh wakubwa wa pwani walipofariki, karama walizohadithiwa zilikuwa nyingi kuliko darsa zao walizozikumbuka watu.

Yapo maelezo ya haki ya itikadi hiyo, wala si ujinga mtupu. Elimu katika mila hii haipokewi kwa kitabu peke yake. Hupokewa kwa mtu. Ijaza ni silsila, mnyororo wa majina kutoka kwa mwalimu mpaka kwa mwalimu wake, hata kumfikia mwandishi wa kitabu. Mwanafunzi huibusu mikono ya sheikh kwa kuamini kwamba mikono hiyo ilishikana na mikono mingine iliyo bora kuliko yake. Basi mtu wa sokoni, asiyeweza kuifuata sarufi ya Ibn Malik, alifahamu kwa uchache kwamba ndani ya nyumba ile kuna kitu kinachokabidhiwa. Alichokosea ni kukidhania kuwa siri.

Kwa kuwa siri, kwa maana yake halisi, ni kitu kinachopungua thamani kikienea. Na mambo ya Ukutani yalikuwa kinyume chake. Mchawi wa Giningi husemekana kuficha ujuzi wake hata kwa ndugu. Mwalimu wa Ukutani alitoa ijaza ili mwingine afundishe, na ubora wa kazi yake ulipimwa kwa wingi wa waliomrithi. Tena waliomrithi hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa tabaka moja. Palikuwa na mwanawe, Sheikh Abubakar Bakathir, aliyeendeleza darsa mpaka alipofariki mwaka 1943. Palikuwa na mwana wa rafiki yake, Sayyid Omar bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi wa Zanzibar. Kutoka Mombasa alikuja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Na kutoka Makunduchi, kusini ya Unguja, alitoka Sheikh Hassan bin Ameir, aliyepata elimu katika mnyororo huohuo.

Jina la Makunduchi lina uzito wake hapa. Huko ndiko kunakofanywa Mwaka Kogwa kila mwaka, ambapo wanaume hupigana kwa migomba na kibanda huchomwa moto ili kuufungua mwaka mpya. Na wavyale, wenye kuitunza mizimu ya mji, wana heshima yao ya kale. Mtu wa Mji Mkongwe alizoea kusema kwamba shamba kuna uganga na mjini kuna elimu. Sheikh Hassan alivuka mpaka huo, kisha akavuka bahari. Akafundisha Dar es Salaam na bara ya Tanganyika kwa miaka mingi, akawa miongoni mwa masheikh waliokuwa pamoja na harakati za kudai uhuru, mpaka aliporudishwa Zanzibar mwaka 1968, na huko akafariki mwaka 1979.

Urithi wa chuo waonekana zaidi katika jambo ambalo mwasisi pengine hakulitazamia: kilizaa wakosoaji wa mazoea ya zama zake. Sheikh Al-Amin Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawahimiza watu wa pwani waache itikadi na desturi zisizo na asili katika dini, na wasome elimu za dunia pamoja na za akhera. Baada yake akaja Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kusoma kwa wanafunzi wa mwasisi. Huyu alikuwa kadhi wa Zanzibar tangu 1960, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya; akatoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na baadaye vitabu vya kupinga bidaa, vilivyowaudhi hata baadhi ya waliosoma pamoja naye.

Wengine walidhani kwamba watu hao waliikata silsila. Lakini yafaa kutazama walichokifanya. Waliichukua elimu iliyokuwa katika Kiarabu, wakaiweka katika Kiswahili, ili mwenye duka na mke wake waisome bila ya kumwendea mtu. Hilo ni tendo lilelile la Ukutani, lililopelekwa hatua moja mbele: nyumba ya kusomesha ilifunguliwa kwa aliyefika mlangoni, na kitabu cha Kiswahili kikamfuata asiyeweza kufika. Wala si kwamba Farsy aliwasahau waliomtangulia. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki, na humo majina ya Bakathir na Bin Sumeit yana mahali pa mbele.

Kazi hiyo ilifanywa kwa wakati. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliutawanya umma wa wanavyuoni wa mjini. Chuo cha Kiislamu cha Unguja, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilifungwa. Farsy alihamia Kenya, kisha akafariki Oman mwaka 1982. Sayyid Omar bin Sumeit aliondoka Unguja, akamaliza umri wake Ngazija, alikofariki mwaka 1976. Walimu wakiondoka namna hiyo, linalobaki haraka katika vinywa vya watu ni hadithi, kwa sababu hadithi ya karama haihitaji mwalimu wa kuisomesha, na sarufi yahitaji.

Kwa hiyo asomaye habari za Sheikh Abdalla Bakathir hana haja ya kuwadharau waliomhadithia kwa ajabu. Na awafahamu kuwa walishuhudia heshima yake kwa lugha waliyokuwa nayo. Ila akitaka kumjua mtu huyu, na avitazame vitabu vilivyosomwa kwake kwa mfuatano wake, kimoja baada ya kimoja, na miaka iliyohitajiwa kuvimaliza. Na ayatafute majina ya waliovimaliza, waliotoka Lamu, Mombasa, Ngazija na Makunduchi. Hao walikuja Unguja kutafuta elimu, nao waliambiwa wakae chini, wafungue ukurasa wa kwanza.