Chai ya Gogo Ilitangulia Mombasa Miaka 56

Wasee, nianze na hesabu ndogo. Gogo wangu alianza kuchuma chai 1969, akiwa msichana wa miaka 18. Majani aliyochuma yalikaushwa, yakapakiwa, yakateremka hadi Mombasa, yakavuka bahari yakaenda kunywewa na watu ambao hatawahi kuwaona. Gogo mwenyewe aliona bahari kwa mara ya kwanza Agosti 2025. Chai yake ilimtangulia miaka 56.

Tulikuwa watu saba: Gogo, mamangu na babangu, mjomba, binamu zangu wawili na mimi. Wikendi moja tu, Ijumaa mpaka Jumapili. Nilikuwa nimepanga kurekodi video ya kawaida, unajua zile: miguu kwenye mchanga, madafu, jua likizama. Nilirudi na kitu kingine, na nimekaa nacho miezi nikijiuliza kama niandike au ninyamaze. Leo naandika.

Gogo anaishi Konoin, kaunti ya Bomet. Tulitoka huko Alhamisi jioni, tukalala kwa shangazi Nairobi, na asubuhi tukapanda treni Syokimau. Gogo alivaa koti zito na kofia ya sufi. Tukamwambia kuna joto kule. Akasema, "Mimi sijawahi kuona joto ya kunishinda." Tulipofika Voi alikuwa amevua koti. Tulipofika Miritini kofia pia ilikuwa mfukoni.

Ndani ya treni binamu yangu mdogo akauliza swali: kwa nini treni hii haifiki kwetu? Nikajibu haraka kwamba SGR ilianza juzi tu, 2017. Lakini swali lake lina historia ndefu kuliko jibu langu, kwa sababu reli ya kwanza ilifika kwetu. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu mwisho wa 1901, na ikapita kwenye nchi ya Wakipsigis. Londiani kulikuwa na stesheni. Mbele kidogo kukawa na nyingine iliyoitwa Lumbwa, jina ambalo wageni walitupa sisi na ambalo wazee hawakulipenda. Leo stesheni hiyo inaitwa Kipkelion. Na kama hukujua, mpaka 1902 sehemu zetu zilihesabiwa kuwa za Uganda. Serikali ya kikoloni ilisogeza mpaka ili reli nzima na ardhi nzuri iliyo kando yake ziwe chini ya utawala mmoja.

Reli ilikuja kwanza, halafu wenye kutaka ardhi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia Kericho. Hali ya hewa ilikuwa tamu kwa chai: mvua karibu kila alasiri, baridi ya mwinuko wa karibu mita 2,000, udongo mwekundu. Tatizo lilikuwa moja tu: palikuwa na watu. Familia zilisukumwa kwenye eneo la hifadhi la Waafrika, na waliobaki wakabaki kama vibarua. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na ndorobo. Wengi hawakurudi. Mambo haya hayajaisha, usidhani ni ya makumbusho. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Sasa nije kwa wikendi yenyewe, maana kuna kitu nilikuwa sijakifikiria. Sisi tunaona "kwenda Mombasa" kama kitu cha kila Mkenya: ukipata pesa kidogo unaenda, unapiga picha, unarudi. Lakini mtu wa bara kushuka pwani kupumzika ni desturi iliyoanzishwa na masetla. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba jua la ikweta na mwinuko wa nyanda za juu vinachosha mishipa ya fahamu ya Mzungu, kwa hiyo aliyekaa sana bara alishauriwa ateremke usawa wa bahari apoe. Ndiyo, wasee, milima yetu ilihesabiwa ni ugonjwa na bahari ikawa dawa. Pwani ikajiandaa kuwapokea. Mwaka 1931 likawekwa daraja la kuelea la kuunganisha kisiwa na Nyali, na 1946 Nyali Beach Hotel ikafunguliwa.

Mchumaji wa chai hakuwa kwenye picha hiyo. Tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na ukitoka kazini bila mwajiri wako kukitia sahihi ulikuwa mhalifu. Hoteli nyingi za pwani ziliwapokea Waafrika jikoni na kwenye ufagio, hazikuwapokea mezani, karibu mpaka uhuru ulipobisha hodi. Kwa hiyo babu wa babu yangu hakukosa kwenda Mombasa kwa sababu "watu wa zamani hawakupenda kutembea", kama tunavyopenda kusema. Kupumzika kulikuwa na rangi ya ngozi.

Gogo alianza kazi baada ya uhuru, kwa hiyo kipande kilikuwa kimeisha. Lakini aliishi kwenye laini za kampuni, chumba kimoja, kikapu mgongoni tangu alfajiri. Nilimuuliza ndani ya treni: mlikuwa mnaenda likizo wapi? Akanishangaa. "Likizo ni kuenda nyumbani kulima."

Alikuja kununua kipande chake cha ardhi na kupanda chai yake mwenyewe. Hilo pia lina historia. Mpaka miaka ya 1950 serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika alime chai ya kuuza. Mlango ulianza kufunguliwa kwa mpango wa 1954, na 1964 likaundwa shirika la wakulima wadogo, KTDA, lililogeuza chai kuwa karo ya shule ya nusu ya watu ninaowajua. Mamangu alisoma kwa chai. Mimi nimesoma kwa chai.

Ijumaa jioni tulienda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi. Gogo alisimama kwa muda mrefu kabla maji hayajamgusa. Nilikuwa na simu tayari nikingoja acheke au apige kelele, maudhui, si mnajua. Hakufanya lolote. Aliingiza kidole, akaonja, akatema. "Kweli ni chumvi." Kisha akauliza, "Meli ziko wapi?"

Nikamwambia meli ziko upande ule mwingine, bandarini Kilindini. Akasema anataka kwenda huko, kwa sababu bahari ameshaiona sasa.

Jumamosi asubuhi tukazunguka na tuktuk upande wa Shimanzi, mahali kuna magodauni. Bandarini huingii ovyo, lakini malori unayaona barabarani, na ukishusha pumzi unaisikia harufu. Gogo aliijua kabla yetu. "Hii ni chai." Tuliegesha. Dereva akatuambia ndani ya godauni kama zile kuna mifuko mpaka darini, ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingine, ikingoja mnada.

Mnada wenyewe ulianza Nairobi 1956, ukahamia Mombasa 1969. Mwaka uleule Gogo alipovaa kikapu mara ya kwanza. Sikuwahi kuziunganisha tarehe hizo mpaka nilipokaa kuandika hapa. Zamani wanunuzi walikaa ukumbini wakipaza sauti za bei. Tangu 2020 wanabonyeza kompyuta. Bei ni ya dola. Kabla ya mnada, waonjaji wanakunywa kila aina kwa kijiko, wanatema, na kile wanachosema kinywani ndicho kinaamua mengi kuhusu mfuko wa Gogo kule Konoin.

Nikamweleza pia habari ya Julai 2021, kwa sababu alikuwa ameishi nayo bila mtu kumfafanulia. Serikali iliweka bei ya chini kabisa, dola 2.43 kwa kilo, ili chai ya wakulima wadogo isiuzwe kwa bei ya kutupa. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mnunuzi hawezi kulazimishwa kununua. Chai nyingi kutoka viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, yaani kwetu, ambayo wanunuzi waliipa thamani ndogo kuliko ya mashariki, ilirudi sokoni mnada baada ya mnada bila kuchukuliwa. Ikalala kwenye magodauni, ikizeeka, na chai ikizeeka bei inashuka zaidi. Bei hiyo ya chini iliondolewa baadaye, lakini bonasi za kwetu zilikuwa zimeshaumia.

Gogo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaangalia ule ukuta mrefu wa mabati. "Kwa hivyo pesa yangu ililala hapa."

Hakuna aliyecheka. Babangu akaangalia chini. Miaka ile miwili ya bonasi mbaya, binamu yangu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa karo, na sisi wa Nairobi tulisema kwenye grupu la familia kwamba Gogo hajui kupanga pesa. Mimi mwenyewe niliandika hivyo. Ujumbe bado upo, nimeutafuta.

Mchana tuliingia Mji wa Kale. Fort Jesus tuliiona kwa nje na ndani haraka haraka. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Binamu zangu walipenda mizinga. Gogo alipenda kivuli.

Karibu na hapo mzee mmoja alikuwa anauza kahawa tungu na kashata. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mama, karibu kiti." Akamimina kutoka kwenye dele. Gogo akageuza kile kikombe kidogo kwenye kiganja.

"Hii kikombe ni ya mtoto?"

"Ni ya mazungumzo, mama. Ukimaliza nakutilia tena."

Wakaongea. Gogo akamwambia ametoka kwa chai, na jinsi ardhi ya wazazi wake ilivyochukuliwa. Nilidhani mzee atasema pole tu. Akasema, "Hata sisi. Twakaa hapa tangu mababu, lakini karatasi hatuna." Nilipofuatilia baadaye nikaelewa. Mwaka 1908 ililetwa sheria ya hati za ardhi pwani: mwenye madai alete ushahidi, na ardhi isiyodaiwa kwa njia hiyo ikawa ya serikali. Aliyejua kusoma karatasi za Mzungu, au aliyekuwa na jina kubwa, akapata hati. Wengine wengi, hasa Wamijikenda, wakaamka wakiwa maskwota kwenye mashamba waliyoyalima maisha yao yote.

Mimi nimelelewa nikisikia kwamba watu wa bara ndio waliodhulumiwa ardhi na watu wa pwani wanapumzika tu. Na nimekutana na watu wa pwani wanaoamini kwamba wabara wote tumekuja kuwameza. Wazee wawili kwenye viti vya plastiki walimaliza mjadala huo kwa vikombe vinne vya kahawa.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunirushia mawe. Siwaambii muache kwenda Mombasa kujienjoi. Nendeni! Watu walizuiwa miaka mingi kupumzika, kwa hiyo kupumzika kwetu si dhambi. Ninachosema ni kwamba mji ule si ukuta wa kupigia picha. Kwa sisi wa Kericho na Bomet, Mombasa ndiyo ofisi ambapo mshahara wa nyumbani unaamuliwa, na wengi wetu tumepita mbele ya mlango wake tukiwa na madafu mkononi bila kujua. Mkulima anapiga kelele kila Oktoba bonasi ikitoka, sisi tunaweka vibonzo vya kulia mtandaoni, halafu basi. Tusome. Tujue bei iliwekwaje, nani alinunua, nani alikata nini njiani. Gogo hana simu ya kufuatilia mnada. Mimi ninayo, na nilikuwa naitumia kumrekodi akiogopa maji.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyelisha familia kwa kitu kinachosafiri, iwe chai, kahawa, maua au samaki, mpelekeni aone kinakoenda. Nauli ya treni daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 mwaka 2017, sasa imepanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo najua si rahisi. Sisi tulichanga miezi mitano.

Jumapili, kabla ya basi la usiku, Gogo aliomba turudi ufuoni dakika chache. Alikuwa amebeba chupa tupu ya soda kwenye mkoba. Akajaza maji ya bahari, akafunga vizuri, akaifuta kwa leso. Anawapelekea majirani waonje, alisema, kwa sababu wale anaochuma nao pia chai yao iko hapa.

Nyumbani amekwisha kuwaonjesha. Mmoja ameuliza tunarudi lini, na kama gari lina nafasi.