Habari za Soko katika Biashara ya Khanga

Mfumo wa taarifa za masoko, yaani utaratibu wa kudumu wa kukusanya, kutunza na kuchambua habari za wateja, bei na washindani ili mfanyabiashara aamue kabla ya kutoa fedha zake, huhusishwa na kompyuta na kampuni kubwa. Lakini historia ya nguo katika Unguja na Mombasa inaonyesha kwamba wenye maduka madogo waliuhitaji, na waliutumia, tangu karne ya 19.

Kabla ya khanga, nguo iliyotamba ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa hasa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambao mawakala wao wa Unguja waliwaandikia barua kuhusu aina iliyopendwa na wanunuzi wa pwani na wa bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikata njia hiyo, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Khanga, iliyoenea mwishoni mwa karne hiyo, ilileta ugumu mpya. Kila doti, yaani jozi ya vipande viwili, ilikuwa na pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na baadaye jina, ambalo ni msemo unaochapishwa juu ya nguo. Na kwa kuwa uchapaji ulifanyika ng'ambo na shehena ilisafiri kwa meli, mwenye duka aliagiza leo kile ambacho wanawake wangekitaka baada ya miezi kadhaa. Aliyekosea alibaki na marobota yasiyonunulika, hasara ambayo duka dogo haliwezi kuibeba mara nyingi.

Kinga yake ilikuwa kauli za wanawake wenyewe mbele ya meza ya duka: rangi waliyoisifu, pindo walilolikataa, msemo waliouulizia. Hapa jina lilifanya kazi kubwa kuliko pambo, kwani mteja aliweza kuitaja khanga aitakayo bila kuielezea, na muuzaji akajua ipi inaisha na ipi imelala. Alama ya duka nayo ilisaidia. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla na ambaye biashara yake ilianza Mombasa mwaka 1887, alizitambulisha khanga zake kwa maneno "Mali ya Abdulla", hivyo sifa au lawama ya mnunuzi ilimfikia aliyeiagiza nguo.

Siku hizi habari za aina hiyo zina chanzo kipya: tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, malipo ya simu yamempa hata mwenye genge kumbukumbu ya mauzo ambayo zamani ilihitaji daftari na mwandishi makini. Faida hiyo ni ya kweli, kwa sababu mwenye duka anaweza kulinganisha miezi na kuagiza kwa kipimo. Hata hivyo kumbukumbu ya malipo huonyesha fedha iliyoingia tu. Mteja aliyeulizia bidhaa akaikosa haonekani humo, mpaka muuzaji aandike alichoulizwa.