Pombe Kali Haijui Mpaka: Kutoka Waragi hadi Viroba



Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja jirani yetu, hapa kusini-magharibi mwa Uganda. Ni mkimbizi kama mimi, katoka Kivu. Anapika waragi nyuma ya nyumba: pipa juu ya moto, mrija unaopita kwenye maji baridi, na chupa ya kukinga matone. Nikamwuliza, "Mama, huogopi polisi?" Akacheka kidogo tu. Akasema, "Mwanangu, hii pombe ndiyo inamlipia binti yangu shule. Na hii hii ndiyo inammaliza kaka yake." Kijana wake alikuwa amelala chini ya mti. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Maneno yale hayakunitoka kichwani. Nikaanza kusoma: hivi pombe kali ilitufikiaje, na kwa nini serikali zinaipiga marufuku zaidi ya miaka mia na bado ipo?

Kwanza tusidanganyane, wazee wetu walikunywa. Burundi na Rwanda kuna urwagwa wa ndizi na pombe ya mtama. Kilimanjaro kuna mbege. Kenya kuna busaa. Lakini hizo ni pombe za kuchachusha. Nguvu yake ni ndogo, inaharibika baada ya siku chache, na ilinyweka zaidi kwenye mahari, mavuno na matanga. Mkubwa alipewa kwanza, kijana alisubiri. Kulikuwa na ulevi, ndiyo, lakini mtungi wenyewe uliisha.

Pombe ya kukeneka ni habari nyingine, kwa sababu inakaa miezi na inabebeka mfukoni. Katika Uganda na Kenya, ujuzi huo unahusishwa sana na askari wa Kisudani, Wanubi, walioingizwa katika jeshi la Waingereza miaka ya 1890. Hata jina waragi linafanana na neno la Kiarabu, araki. Wanubi wa Kibera, Nairobi, walijulikana kwa jini yao miaka mingi. Baadaye kila nchi ikawa na jina lake: Kenya chang'aa, Tanzania gongo, Kongo lotoko, Rwanda na Burundi kanyanga. Majina ni mengi, pipa ni lile lile.

Wakoloni nao walifanya nini? Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919 wakakubaliana tena, Saint-Germain-en-Laye. Katika makoloni ya Waingereza huku kwetu, Mwafrika hakuruhusiwa kunywa pombe kali hadi miaka ya 1950, wakati Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila shida. Kwa hiyo sheria ilipangwa kwa rangi ya mnywaji. Afya haikuwa hoja kubwa. Watu wakajifunza kupika usiku, porini, karibu na mto.

Uhuru ulipokuja, ungedhani mambo yangebadilika. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965: mwenye leseni tu ndiye apike, kisha auze kiwandani, na huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya chupa. Tanzania ilitunga sheria ya pombe ya moshi mwaka 1966. Kenya ikaharamisha chang'aa kabisa mwaka 1980. Wapikaji, wengi wao wanawake wasio na ardhi wala mshahara, wakabaki pale pale, wakikimbia askari au kuwapa kitu kidogo.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipoingia. Biashara ikifichwa, hakuna anayepima kilichomo. Na muuzaji anayetaka faida ya haraka anachanganya methanoli, kemikali ya viwandani, ili pombe iwe kali kwa bei ndogo. Methanoli haina tofauti kubwa ya ladha. Ukishainywa, mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kuua.

Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Mwaka 2005 ikawa Machakos. Aprili 2010 ikawa zamu ya Kabale, hapa hapa Uganda: takriban watu 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mwaka 2014 Kenya tena, kaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Angalia vizuri waliokufa: vibarua, wabeba mizigo, watu wa kipato cha siku. Mwenye hela ya chupa yenye lebo hakuwa kwenye orodha.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2010. Sheria iliyoitwa ya Mututho ilihalalisha chang'aa ikiwa imepikwa kwa leseni na kufungwa kwenye chupa, na ikabana saa za baa. Lakini leseni na chupa ni gharama, na mama wa kibandani hawezi. Kwa hiyo yeye alibaki haramu.

Kisha vikaja viroba, vile vipakiti vya plastiki. Mtoto wa shule aliweza kuficha kimoja kwenye soksi. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Binafsi naona uamuzi huo ulikuwa na maana, kwa sababu uliondoa pombe kali ya bei ya pipi mkononi mwa mtoto. Lakini nchi moja ikifunga na jirani hajafunga, mpaka unakuwa soko. Waulizeni Warwanda kuhusu abarembetsi, wale wanaobeba kanyanga usiku kutoka Uganda kupitia milimani.

Sasa sisi wakimbizi tuko wapi katika historia hii? Tuko katikati kabisa. Tumevuka mipaka ile ile. Tumekuja na misiba ambayo hatujaililia. Rasheni haitoshi, kazi hakuna, siku ni ndefu. Mmoja anapika ili ale, mwingine anakunywa ili asahau. Kinachofuata mnakijua: ngumi nyumbani, dawa za kifua kikuu au za ukimwi zinazoachwa njiani, ini linaloharibika, binti anayetumwa kilabuni usiku. Shirika la Afya Duniani linasema pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, naomba neno moja. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura unataka madhara ya pombe yashughulikiwe tangu mwanzo. Kwa hiyo msituletee askari wa kumwaga mapipa peke yao. Mama akipata mtaji wa kushona au kufuga, na kijana wake akipata mtu wa kumsikiliza bila kumtukana, pipa linaweza kuzimika lenyewe. Likimwagwa bila hayo, kesho litakuwa mtaa wa pili, tena likiwa limechanganywa kitu.

Na kwetu vijana: mtu aliyekunywa jana akisema leo anaona ukungu, kichwa kinauma sana, anatapika au anahema kwa nguvu, msiseme ni mning'inio wa pombe. Dalili za methanoli huchelewa, hata siku nzima. Mbebeni hospitali saa hiyo hiyo, na msiogope kusema alikunywa nini. Kuificha ndiko kunakoua.

Jana nilipita tena kwa jirani. Binti yake alikuwa anafanya hesabu chini ya taa. Kaka yake hakuwepo. Nilimtafuta hadi nikampata, tukarudi naye nyumbani polepole. Leo jioni nitapita tena.