Dawa ya Deni

Wazee wetu walisema, “Dawa ya deni ni kulipa.” Maneno haya ni ya kweli, wala sitaki kuyapinga. Lakini, msomaji, dawa haimfai mgonjwa asiyekubali kuwa yu mgonjwa. Na yako malipo ambayo hayapunguzi deni hata kidogo. Historia ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands, yaweza kutufundisha jambo hili.

Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920. Baadaye ikafuata mitaa mingine kama Kaloleni, Ziwani na Bahati. Wengi wa wakazi wake walikuwa watu wa mshahara. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa kazi za umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Mshahara usipotosha, mtu hukopa: unga, sukari na mafuta ya taa huandikwa katika daftari la mwenye duka mpaka mwisho wa mwezi.

Serikali ya kikoloni ilitazama mkopo wa Mwafrika kama mlezi amtazamavyo mtoto. Kwa sheria ya mwaka 1948, asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani, ila mkataba uwe umeandikwa na kuthibitishwa na ofisa. Sheria hiyo ilimkinga maskini na deni kubwa, lakini pia ilimnyima mfanyabiashara wa Kiafrika mtaji; wala haikumfundisha mtu kuitambua hatari yake mwenyewe.

Sheria ile haipo tena, na daftari la duka limepata mwenzake ndani ya simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na Novemba 2012 ukaja mkopo wa M-Shwari, ambao ulipoanza ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hebu tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja wa Kaloleni amekopa shilingi 4,000 kwa ada hiyo, atarudisha 4,300. Siku ya kulipa hana kitu. Anakopa 4,000 nyingine ili alipe zile za kwanza, na 300 anazitoa katika fedha ya chakula. Akifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa ada ya shilingi 3,600, na zile 4,000 bado anadaiwa. Amelipa mara kumi na mbili, na deni li pale pale. Mama huyu hakukosa uaminifu, alikosa kutambua.

Basi zijue dalili. Ya kwanza ni kukopa ili kulipa deni. Ya pili ni deni kula kodi ya nyumba, karo au chakula. Ya tatu ni mtu kuwaficha wa nyumbani mwake simu na barua za wadai. Ukiziona, saa ya kutafuta msaada imefika, wala si saa ya kutafuta mkopo mwingine.

Msaada wa kwanza u kwa mdai mwenyewe: aendewe kabla ya siku ya malipo, aombwe kupokea kidogo kidogo. Ikishindikana, sheria ina mlango. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 yaruhusu deni lilipwe kwa mafungu kwa amri maalumu. Tena mtu asiye na mali ya kuuzwa, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 400,000, aweza kumwomba ofisa wa Serikali ashughulikiaye waliofilisika. Akikubaliwa, na asipoficha kitu, baada ya miezi 12 hufunguliwa madeni hayo. Mlango huu hupitwa mara moja tu.

Wengi hawaufikii kwa sababu ya haya. Lakini wazee wale wale waliotuambia kwamba dawa ya deni ni kulipa, walisema pia, “Mficha maradhi kifo humuumbua.” Yafaa tuzisome methali hizi mbili pamoja.